Injini Aliyokataa Kuifungua

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaani kote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Sponji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushona viti, vya sebuleni na vya magari. Miaka thelathini na minane ya kukata sponji ilikuwa imemwachia vumbi la njano kwenye nyusi, na sabuni ilikuwa imeshindwa kulitoa. Mkewe alizoea kusema kwamba hahitaji kumwuliza mumewe amepita wapi, anafuata chembe.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mabati, meza ndefu ya kukatia, na cherehani nzito inayotoboa ngozi kama karatasi. Nyuma kulikuwa na uwanja mdogo, na kwenye uwanja, chini ya turubai, lilikaa gari la marehemu baba yake.

Baba alikuwa karani wa posta. Gari alilinunua likiwa limeshatumika na watu wawili, akalitunza kama mboni ya jicho: rangi ya maziwa, taa za mbele za mviringo, bampa zinazong'aa hadi unaweza kunyolea ndevu, na usukani mwembamba, mkubwa kama sinia. Alipokuwa hoi kitandani aliwaita wanawe wawili akawaambia, "Gari ni lenu nyote wawili." Hakuongeza neno. Lakini Sponji ndiye mkubwa, ndiye mwenye uwanja, basi funguo zikakaa mfukoni mwake. Mdogo wake, ambaye udereva ndio uliokuwa unamlisha, akawa anakuja kuliazima. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, ila ndivyo lilivyokuwa: mtu anaazima chake mwenyewe.

Siku iliyowatenganisha ilikuwa miaka tisa nyuma. Mdogo wake alikuwa ameazima gari kwenda kliniki kumchukua mkewe, aliyejifungua siku mbili kabla. Mchana ule alirudi kwa miguu, mkewe na kichanga nyuma yake, shati limemganda mgongoni.

"Kaka, gari limezimika pale darajani. Taa ya oili iliwaka, nikasimama hapo hapo. Lakini injini ilikuwa imeshaanza kugonga."

Walilivuta kwa kamba hadi uwanjani. Sponji alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imejaa hadi alama ya juu. Mtu mwingine angeduwaa. Sponji alikuwa na jibu kabla ya swali.

"Umeiongeza sasa hivi."

"Nimeongeza na nini, Kaka? Pale darajani kuna duka la oili?"

"Taa haiwaki bure. Umeendesha gari kavu, umeona limekufa, ukaongeza ili unifanye mimi mtoto."

"Basi tuifungue," mdogo wake alisema. "Leo leo. Tushushe sampu, bakuli la oili la chini, tuone kilichoiua. Mimi mwenyewe nitafungua, wewe kaa tu hapo uangalie."

"Nifungue maiti ili nione nini?"

Akatandika turubai juu ya gari, akalifunga kwa kamba, akaingia ndani kushona. Mdogo wake akaondoka. Alikuwa amemwacha mkewe na kichanga kwenye kivuli cha ukuta wa uwanja, na kutoka pale hadi kwao walikwenda kwa miguu.

Hayo yangeweza kupita kama yanavyopita mengi kati ya ndugu. Lakini wiki tatu baadaye mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimletea Sponji viti vya basi la shule avishone upya, na alipokuwa anaondoka akageuka mlangoni.

"Fundi, mdogo wako ameomba kazi ya kuendesha hili basi. Vyeti vyake vizuri. Wewe unamwonaje?"

Sponji alikuwa na misumari midogo midomoni, kama kawaida yake. Aliitoa mmoja mmoja, akaiweka mezani. Kwa hiyo hata kisingizio cha kuropoka hakuwa nacho. Alipata nafasi ya kufikiri.

"Mwalimu," alisema, "watoto wa watu siwezi kuwaweka mikononi mwa mtu asiyeangalia oili."

Ikaisha hapo. Kazi ilikwenda kwa mwingine. Neno likatoka shuleni likaingia kijiweni kwa madereva, na kila lilipopita liliongezwa chumvi, hadi ikawa kwamba aliua injini akiwa amelewa, na mke na kichanga wamo garini. Mdogo wake, ambaye hakuwahi kuonja pombe, akawa hapati hata gari la kuosha. Mwishowe akahamisha familia yake mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, akaanza kubeba mbao kwenye kiwanda cha kupasulia magogo. Ndugu hao walionana mara moja tu, kwenye mazishi ya mama yao. Walishika jeneza upande mmoja, na hawakusemeshana.

Sasa Sponji alikuwa amefika miaka sitini na miwili, magoti yanalia kila akiinama, na moyoni ameanza kulitamani lile gari. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amepita akalizunguka, akalipiga teke la kitaalamu, akataja bei ya kulipeleka mizani. Sponji alijikuta amekasirika kana kwamba ametukaniwa baba. Siku hiyo hiyo akakata shauri la kulifufua.

Shida ilikuwa mfuko. Fundi mmoja mwenye gereji ya sakafu ya vigae alimwambia injini ya aina ile haitengenezwi, inabadilishwa, akataja kiasi ambacho Sponji alikisikia akacheka, maana kulia mbele za watu si vizuri. Ndipo akamwendea mzee aliyeitwa Polepole, fundi wa magari ya kizamani, aliyepewa jina hilo kwa kuongea kwake na kwa kazi yake pia.

Polepole alikuja, akalala chali chini ya gari kwa muda mrefu hadi Sponji akadhani amesinzia.

"Inawezekana," sauti ikatoka huko chini. "Bei rahisi, lakini siyo haraka. Tunabadilisha kilichooza tu. Kilicho kizima tunakisafisha, tunakiomba msamaha, tunakirudisha."

"Na malipo ya ufundi wako?"

"Nina basi dogo, viti kumi na vinne, vyote vimechanika. Wewe unashona, mimi nafungua. Vipuri ndivyo utanunua."

Wakapeana mikono. Sponji alianza na viti vya basi jioni ile ile, akiimba.

Kufungua injini kulichukua Jumamosi nzima. Waliining'iniza kwa mnyororo kwenye chuma cha paa la karakana kilichotokeza uwanjani, wakaitoa, wakailaza juu ya matairi mawili. Oili iliyomwagika ilikuwa nzito kama uji uliolala. Polepole alifungua boliti za sampu, akaibandua kwa bisibisi. Pampu ya oili ilikuwa na chujio la waya mdomoni, na chujio hilo lilikuwa limevaa kitu cheusi, kimelizunguka kama kilemba.

Akakivuta kwa koleo. Kikanyofoka vipande vipande. Akavitia kwenye kopo la petroli, akavisugua kwa brashi.

"Hiki ni kitambaa," alisema kwa ule mwendo wake. "Nani kaiziba injini kwa kitambaa?"

Weusi ulikuwa unatoka kidogo kidogo. Chini yake ilitokea rangi ya bluu, na juu ya bluu mistari myembamba myeupe. Sponji hakukumbuka siku za kuzaliwa za wanawe, lakini vitambaa hakusahau. Kile kilikuwa cha makochi ya daktari mmoja wa meno, makochi mawili na kiti kimoja kirefu, vikabaki vipande ambavyo alivitumia kufutia mikono.

Na mengine yote yakaja yenyewe. Wiki moja kabla ya ile safari ya kliniki, kifuniko cha kujazia oili kilikuwa kimedondoka barabarani. Yeye, mtu wa kutopoteza muda, alikunja kipande cha kitambaa akakishindilia kwenye tundu, akaendesha hadi nyumbani. Kesho yake alinunua kifuniko kingine cha mtumba. Alipokwenda kukifunga alikuta tundu liko wazi, kitambaa hakipo. Alikumbuka hadi alivyowaza: kimepeperuka. Akafunga kifuniko, akapiga mluzi, akaenda zake.

Polepole alikuwa anaeleza, akionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kitambaa kiliangukia kwenye mnyororo ulio mbele ya injini, mnyororo ukakitafuna, vipande vikashuka chini, pampu ikavivuta hadi mdomo wake ukazibika. Oili imejaa tele huku chini, na huko juu vyuma vinasagana vikavu. "Dereva hana la kufanya hapo," alisema. "Hata angekuwa malaika. Akisimama mara taa inapowaka ndiyo anaokoa chochote. Na huyu alisimama haraka, mwangalie: beringi moja tu ndiyo imeungua. Angeendelea dakika tano mbele, leo tusingekuwa na cha kutengeneza. Alikuwa nani?"

Sponji alikaa juu ya tairi.

"Mdogo wangu," alisema.

"Na kitambaa?"

"Changu."

Polepole alimtazama, akatazama kopo, akachukua spana akaendelea na kazi. Alikuwa mtu wa adabu.

Usiku ule Sponji hakula. Mkewe aliposikia kisa kizima hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Alisema tu, "Alikuomba muifungue siku ile ile. Nilikuwa naanua nguo, nilimsikia."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikuambia, mume wangu. Ulisema nisiingilie mambo ya magari."

Kazi iliendelea, lakini wimbo ulikuwa umeisha. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, waliupeleka kwa mkereza vyuma, akauchonga pale palipochubuka, sehemu moja tu, kwa kuwa kuuchonga wote kungewashinda. Beringi nene za kufidia kilichochongwa walizipata kwa mzee muuza vipuri ambaye alizitoa ndani ya soksi. Gasketi ya sampu, ya kuzuia oili isivuje, haikupatikana popote. Sponji akanunua karatasi ngumu ya gasketi, akaitandaza kwenye meza yake, akachora umbo kwa kufuata ukingo wa chuma, akatoboa matundu ishirini kwa kibomba cha makali anachotobolea ngozi. Polepole aliipachika ikakaa sawasawa, akasema hajaona gasketi safi namna ile tangu aanze kazi. Siku nyingine sifa hiyo ingemlewesha Sponji. Aliitikia kwa kichwa tu.

Injini iliwaka kwa jaribio la nne. Ilikohoa, ikatoa moshi wa kizee, halafu ikatulia. Majirani wakapiga makofi juu ya ukuta. Sponji alisimama na funguo mkononi, akitazama taa nyekundu ya oili ikizimika kwenye dashibodi. Alitamani iendelee kuwaka. Ingempa sababu ya kukaa nyumbani.

Kwenda kwa mdogo wake hakwenda. Kwanza alisema viti vya mbele vina aibu, akavishona. Kisha dari limelegea, akalivuta upya. Kisha mazulia. Mkewe alivumilia wiki sita.

"Hata ukilishonea mapazia," alimwambia, "bado kule utakwenda tu."

Sponji akaona aanze na lililo jepesi, akamtafuta mwalimu mkuu. Mwalimu alikuwa amestaafu, anafuga kuku. Sponji alisimama bandani akamweleza yote: viti vya basi, swali lile la mlangoni, jibu alilotoa, na kitambaa. Mwalimu alimsikiliza kwa upole huku akitikisa kopo la pumba.

"Nisamehe, fundi," alisema mwisho. "Sikumbuki. Nakumbuka ulitushonea viti, na kazi ilikuwa nzuri. Hilo la mdogo wako sikumbuki kabisa. Nadhani tulimchukua tu aliyefuata kwenye orodha."

Sponji aliaga.

Jumapili iliyofuata aliondoka asubuhi, akaendesha taratibu njia nzima, dirisha wazi, sikio kwenye injini. Saa sita alisimama mbele ya kiwanda cha mbao. Kilikuwa kimefungwa, lakini mdogo wake ndiye aliyekuwa zamu ya geti siku za mapumziko, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Alilitazama gari kabla ya kumtazama dereva. Akasimama.

"Limewaka," alisema.

"Limewaka."

Sponji alinyoosha mkono. Mdogo wake naye akanyoosha wake, na Sponji akahisi pengo kiganjani kabla ya kuliona: vidole viwili vya mwisho havikuwepo.

"Msumeno," mdogo wake alisema. "Mwaka wa pili wa kuja hapa. Ndiyo maana wakanileta getini."

Sponji alikuwa amepanga maneno njia nzima. Akatoa mfukoni kile kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka kwenye meza ya geti, juu ya daftari la zamu, akasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Kifuniko, tundu, mnyororo, pampu. "Hukukosea kitu," alisema. "Ni mimi niliyekosea. Na nilikuharibia kazi kwa mdomo wangu mwenyewe."

Mdogo wake alikigeuza kitambaa kwa kidole.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua kuna kitambaa?"

"Nilijua niliangalia oili. Asubuhi ile, kabla sijawasha. Siwezi kupanda gari sijaangalia oili, na wewe ulikuwa unajua hivyo." Akamrudishia mfuko. "Kwangu mimi hakuna jipya hapa. Ila kuna mtu alikuamini wewe. Mke wangu. Huyo ndiye ukamwambie."

Nyumba ilikuwa nyuma ya kiwanda, vyumba viwili, sakafu imepigwa deki. Msichana wa miaka tisa alikuwa anaandika kwenye kona ya meza. Alimtazama mgeni mwenye nyusi za njano, akamwuliza baba yake kwa mnong'ono uliosikika nyumba nzima, "Huyu nani?"

"Baba yako mkubwa."

"Ninaye?" mtoto akauliza.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alitoka jikoni na kisu na kitunguu nusu, akasimama mlangoni, na Sponji akasema tena yote, safari hii akiwa amesimama, kofia mkononi. Alipofika kwenye kitambaa, shemeji alikaa chini polepole, kisu bado mkononi.

Kwa miaka tisa mama huyu alikuwa na sentensi moja. Kodi ikichelewa, mvua ikivuja, vidole vilipokatika, ilikuwa ile ile: ungeangalia oili siku ile, tusingekuwa hapa. Mumewe mwanzoni alikataa, baadaye alichoka, na kwa miaka mitano sasa alikuwa anaitikia tu, ndiyo, ningeangalia.

"Shemeji," mama huyo alimwambia Sponji, "miaka tisa yote?"

"Sikujua."

"Kwa sababu hukutaka kufungua."

"Ndiyo."

Alimgeukia mumewe. Mumewe alikuwa anamsaidia mtoto kuchonga penseli, kwa uangalifu mno, kwa vidole vilivyobaki. "Chakula kitaungua," alimwambia mkewe bila kuinua macho. Mkewe akarudi jikoni, na kwa muda mrefu hapakusikika kisu.

Walikula. Sponji alipotoka, shemeji alimfuata hadi kwenye gari.

"Makosa yako umeyasema," alimwambia. "Mimi yangu sijui nitayaanzia wapi. Nimelala naye chumba kimoja." Alishika ukingo wa dirisha la gari lile, akaachia, akaingia ndani.

Sponji alitaka kuliacha gari kule. Mdogo wake alikataa: hana pa kuliweka, na petroli ni mdomo mwingine wa kulisha. Lakini wakati Sponji anawasha, alisogeza sikio karibu na boneti. "Valvu ya tatu inagonga," alisema. "Imebanwa vibaya."

Mwisho wa mwezi alikuja kwa basi, bila kupiga simu, na mfuko wa spana. Akafanya kazi uwanjani tangu asubuhi, akala, akamsalimu shemeji yake, mke wa Sponji, kwa heshima zote, akaondoka na basi la jioni. Mwezi uliofuata akaja tena, kwa ajili ya breki. Sasa huja pale anapopata nafasi, na wakati mwingine huja na binti yake, ambaye hupenda kujiviringisha kwenye mabaki ya sponji.

Wanazungumza. Wanazungumza juu ya plagi, juu ya bei ya matairi, juu ya kutu iliyoanza chini ya mlango wa nyuma. Mara kadhaa Sponji ameacha kazi yake, akatoka nje, akasimama karibu na ile miguu ya mdogo wake inayochomoza chini ya gari, akavuta pumzi aseme lile analotaka kusema vizuri kuliko alivyolisema getini. Na kila mara mdogo wake, kama mtu aliyesikia pumzi hiyo, hutoa mkono nje na kumwambia, "Hebu nipe spana namba kumi na tatu hapo."

Naye humpa.